Umati wa Kawangware na kura za Nairobi

1/ Haya ndiyo niliyowaambia vijana wa mtaa Jumamosi. Mmeniomba niyaweke hapa. Sitaji mwanasiasa wala chama, maana jambo hili limewahi kuuma kila upande.

2/ Ndugu zangu, mnauliza: mgombea ugavana anaongoza kila mahali, mabango yote ya mjini ni yake, halafu anaangukaje? Aliibiwa? Huenda, na mahakama zipo. Lakini kabla ya kulia wizi, hebu tuhesabu watu wetu kwanza.

3/ Kuna kampeni moja nilikuwa mhamasishaji, Kangemi hadi Kawangware. Siku ya mkutano barabara ilifungika, bodaboda hazipiti, mama mboga wanacheza. Nikampigia mkubwa wangu simu: "Mzee, hapa tumemaliza."

4/ Siku tatu kabla ya kura nikapita Machakos Country Bus. Nyuso ni zilezile! Kijana aliyekuwa akishika kipaza sauti chetu alikuwa anapakia mzigo. "Naenda kupiga kura nyumbani, bro." Nauli imepanda, na watu wanalipa tu.

5/ Unapiga kura pale ulipojiandikisha, si pale unapolala. Ukiipigia Kakamega, umechagua gavana wa Kakamega. Kelele ulizopiga Kawangware hazihesabiwi popote.

6/ Sasa hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073 Nairobi. Uchaguzi wa 2022, daftari la wapiga kura lilikuwa na 2,415,310. Mshindi wa ugavana alipata 699,392, hata theluthi ya daftari haikufika. Takriban milioni moja hawakupiga kabisa.

7/ Na gavana si rais. Hahitaji nusu ya kura na zaidi. Kifungu cha 180 cha Katiba kinasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, basi. Hakuna duru ya pili ya kujirekebisha.

8/ Kilimani na Kawangware ziko eneo bunge moja, Dagoretti Kaskazini. Kilimani wanasema "huyu ameshapita," wanabaki nyumbani. Kawangware wamepanda basi. Mpinzani asiye na umati, lakini mwenye majina ya watu wake kituo kwa kituo, ndiye anaapishwa.

9/ Mnacheka, eh? Mimi mwenyewe, mhamasishaji mkuu, kura yangu niliipigia Bungoma. Mtu wangu hakupata hata moja kutoka kwangu. Miaka mitano iliyofuata, mifereji ikikauka Kangemi, taka zikirundikana mlangoni, nilimlaumu gavana ambaye sikusimama foleni kumchagua wala kumkataa.

10/ Sisemi kupigia nyumbani ni kosa. Shamba lako liko huko, mama yako anatibiwa huko, na huko pia kuna gavana. Lakini amua mapema. Kituo kinahamishwa katika ofisi ya IEBC ya eneo bunge, kabla daftari halijafungwa. Mimi nimeshahamisha.

11/ Kwa hivyo kabla hamjaniambia nani anaongoza 2027, wenye kura Nairobi nyosheni mikono.

Haya, geukeni muangaliane. Mmejionea wenyewe. Tuanzie hapo.