Serikali na Vazi la Dini

Wazee wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mnaokalia madawati yetu:

Nimeombwa niseme kama ni haki kwa serikali kuwazuia watu kuvaa mavazi ya dini hadharani. Jibu langu ni hapana.

Hapa Musoma baibui, kanzu na shela la mtawa hupita njia moja kwenda soko moja. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walikuja na mila ya mwanamke kufunika kichwa anaposali. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama na Mkatoliki thabiti, alishikilia kwamba serikali haina dini. Wenye dini ni wananchi. Basi serikali isiyo na dini itajuaje ushungi upi ni wa faradhi na upi ni wa hiari?

Lakini tusijisifu mno. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Miaka hiyohiyo Wamasai walishurutishwa kuacha lubega. Hayakuwa mavazi ya dini, lakini funzo ni lile lile. Nia ilikuwa heshima ya taifa. Walioumia ni wasichana waliovamiwa barabarani Dar es Salaam, na wafugaji walioambiwa kuwa nguo zao ni aibu. Na lubega lipo mpaka leo.

Wako wanaouliza: je, usalama? Tuitazame Chad. Juni 2015, baada ya mabomu kulipuka N'Djamena, serikali ilipiga marufuku nikabu. Julai mwaka huohuo mwanamume aliyejifunika nikabu alijilipua sokoni katika mji huohuo. Marufuku hayakumzuia muuaji. Yaliwabana wanawake wasio na hatia.

Sisemi serikali ifumbe macho. Penye haja ya kuuona uso, uonekane: kwenye picha ya kitambulisho, au mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mwanamke akaguliwe na mwanamke mwenzake, kwa adabu, kisha ajifunike aende zake. Katiba yetu, Ibara ya 19, inalinda uhuru wa dini. Ibara ya 30 inakataza kuutumia uhuru huo kuvunja haki za wengine. Kwa hiyo mzee anayemlazimisha binti kujifunika hana haki kuliko askari anayemfunua.

Vijana, kesho baadhi yenu mtakuwa wakuu wa shule hapa Musoma, wengine wakuu wa wilaya, Bunda au Butiama. Mtaletewa mezani karatasi ya amri juu ya mavazi. Kabla ya kutia sahihi ulizeni: nani ataachwa nje ya mlango? Kama ni mtoto aliyekuja kusoma, au mama aliyekuja kutibiwa, rudisheni kalamu mfukoni.