Vijana Wetu Katika Siku za Korona

 

Katika jubilei hii ya jimbo letu, lililoundwa mwaka 1986, wengine watawasimulia habari za makanisa yaliyojengwa. Sisi makatekista tumeombwa kusema habari za vijana wa shule wakati wa korona, nasi twasema kwa haya kidogo, maana kosa letu limo ndani yake.

Mwakumbuka kwamba tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza alitangazwa katika nchi yetu, na kesho yake Serikali ikafunga shule. Wanafunzi wakarudi makwao na masanduku yao, wengine Litembo na Maguu, wengine wakateremka hata Mbamba Bay na Lituhi. Kidato cha sita wakaitwa tarehe 1 Juni. Wadogo zao wakangoja hata tarehe 29 Juni. Milimani yalikuwa majira ya kuchuma kahawa, na ziwani usipa hauna likizo. Basi kijana asiye na darasa alipata kazi upesi, akaonja na fedha. Hilo si dhambi. Lakini jioni, kazi ilipokwisha, alikaa na hofu yake peke yake.

Nasi tulifanya nini? Tuliweka ndoo na sabuni mlangoni mwa kanisa, tukafundisha watu kunawa. Vema. Makanisa hayakufungwa, Misa ikaendelea, tukadhani kazi yote imetimia. Hatukumwuliza kijana hata mmoja: Je, usiku unalala?

Mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba ilipozidi, tuliwachukua vijana wale wale wa kwaya wakaimbe makaburini, na ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Sisi wazee tulinong'ona. Wao wakasikia minong'ono, wakajitungia mengine ya kutisha zaidi. Mwezi wa Januari mwaka huo maaskofu wa Tanzania waliandika wazi kutuonya kwamba hatari ipo, ndipo na sisi tulipopata ujasiri wa kuwaambia watoto yale waliyokwisha kuyaona kwa macho yao.

Katika miezi ile alikuwako kijana wa miaka 15 katika mafundisho ya kipaimara. Alikaa nyuma, hakujibu neno. Tukamwita mvivu, tukamsimamisha mbele ya wenzake. Baadaye bibi yake akatujulisha kwamba babu aliyemlea alizikwa yeye akiwa bwenini, wala hakuna aliyeketi naye kumweleza. Aibu ile hatujaisahau. Tukaenda kwao, tukaomba radhi, tukakaa barazani tukimenya mihogo pamoja naye. Hatukuhubiri. Siku ya tatu akalia, akaanza kuuliza: babu aliugua siku ngapi, na je, alimtaja?

Na binti zetu je? Wako waliopata mimba shule zilipofungwa, na wakati ule shule za serikali hazikuwapokea tena. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi baada ya kujifungua. Huko mlango umefunguliwa. Lakini kanisani mama hawa wadogo bado twawatazama kwa jicho la pembeni, na wengine wameacha kuja. Wazazi, hilo si la Serikali kulitengeneza.

Siku hizi, kabla ya kufungua katekisimu, twawapa vijana robo saa ya kueleza habari za nyumbani. Walimu wawili wamelalamika kwamba robo saa hiyo yala muda wa mafundisho. Yala kweli, wala hatujaiacha.

Yule kijana sasa ni mvuvi. Akipita kigangoni na usipa wake hutua ndoo chini, akatuuliza: Mwalimu, usiku mmelala?