Mtungi Ukitoka Dukani Kwetu
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi

Tumshukuru Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi.

Mweka Hazina amekwisha soma hesabu za hisa na mikopo, mimi sitarudia. Nataka kusema juu ya biashara moja ambayo wengi wenu mmeifungua kwa mkopo wa kikundi, nayo ni kuuza gesi ya kupikia.

Sisi wa Dar es Salaam tunajua mkaa unatoka wapi. Unatoka misitu ya Pwani, Morogoro na Tanga. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Basi muuza gesi naye anajiona mtunza mazingira. Ni kweli, lakini nusu. Mtu akinunua mtungi leo na mwezi ujao akarudi kwenye mkaa, msitu haujapona.

La kwanza ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ule wa kilo 6 ukiupima, ukatoa uzito huo, lazima zibaki kilo 6 za gesi. Mpimie mteja akiona kwa macho yake. Mama ntilie akipunjwa, gesi inamwishia kabla ya siku zake, na mtaa mzima utasikia kwamba gesi ni wizi. Hapo mti umekatwa, na shoka tumeshika sisi.

La pili ni gesi ya kuhamishwa. Wapo watu wanapita kwa bei ya chini, kumbe wanatoa gesi kwenye mtungi mkubwa na kuijaza kwenye midogo huko uchochoroni. Nyingine inapotelea hewani. Mtungi haukaguliwi, pengine unajazwa pomoni, wakati gesi inatakiwa iachiwe nafasi ya kutanuka ikipata joto. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, inangoja cheche tu. Nyumba zetu ni za kupanga, chumba kwa chumba, jamani. Hivyo basi kamati imeamua: mkopo wa kikundi hautanunua gesi ya namna hiyo. Najua faida itashuka, na mgao wa mwisho wa mwaka utashuka. Atakayenung'unika aje aninung'unikie mimi.

La tatu ni takataka. Mpira uliopasuka ukatwe vipande kabla ya kutupwa, asije mtu akauokota na kuufunga tena. Lakiri za plastiki zisiishie mtaroni. Mtungi mbovu usiuzwe chuma chakavu, urudishwe kwa wakala. Na mteja afundishwe kupima uvujaji kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Sasa nije kwa dada zetu wauza mkaa. Leo sitawasema vibaya, maana hisa zao zimo katika kila mkopo tuliokopeshana. Lakini tujiulize kwa nini wateja wao hawahami. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye fedha ya leo tu anapika leo. Gesi tunayouza sisi haina kopo, inataka fedha zote kwa mkupuo, na kibarua hana.

Hapo ndipo penye kazi yetu, wenzangu. Kukusanya kidogo kidogo mpaka kiwe kingi ndiyo kazi tuliyoifanya miaka kumi. Napendekeza kila duka la mwanachama liwe na daftari la akiba ya gesi. Mteja aweke kila siku ile fedha ya kopo la mkaa, iandikwe mbele yake, na mtungi ukiisha ajaziwe. Daftari hizo zikaguliwe na Mweka Hazina kila mkutano, maana fedha ya mteja si mtaji wetu. Na dada muuza mkaa atakayetaka kubadili biashara awe wa kwanza kwenye mikopo ya mwaka huu.

Tutalipigia kura mkutano ujao. Njooni wote, msije mkasema hamkuambiwa.