Safari ya Peke Yako Ukiwa Masomoni Ughaibuni

Leo nazungumza nawe uliye masomoni Ujerumani, na mzazi wako anayetusikiliza huku nyumbani. Chuo kimefunga, na kijana anataka kupanda treni peke yake kutoka Berlin kwenda Prague. Mama, mruhusu aende. Zile saa nne na ushei, sehemu yake kando ya mto Elbe, zitamfunza mengi yasiyo darasani.

Ila pasipoti isibaki chumbani! Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za eneo la Schengen, ikiwemo hiyo ya Prague, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini lazima kiandamane na pasipoti ambayo haijaisha muda. Uingereza na Ireland hazimo Schengen. Mtanzania anayekwenda huko huomba viza upya.

Ukifika Prague, fedha yao ni koruna, si yuro. Kabla ya kuteremka kwenda kupanda metro, chomeka tiketi yako ya karatasi kwenye kile kimashine cha njano, kiigonge muhuri wa tarehe na saa. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa nayo, na mkaguzi atakutoza faini.

Namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112, bila malipo. Anwani ya mahali utakapolala iandike kwenye karatasi, uitie mfukoni, maana simu huisha chaji. Na ukifika tu, mtumie mama ujumbe. Atakuwa hajalala.