Ya Uani Yanahesabiwaje?

Tukitaja watoto wanaonajisiwa, wengi wetu hukimbilia kulaumu disko matanga, yale madisko ya usiku msibani, au watalii wa Malindi na Watamu. Hatari huko ipo, sikatai. Lakini leo naomba tubaki uani, kwa baba, mjomba, binamu na baba wa kambo. Ni watoto wangapi wanaoumizwa na watu wao wenyewe?

Daftari la polisi halitupi jibu. Kesi za nyumbani nyingi huishia mkekani kwa wazee: mbuzi akatolewa, mtoto akaambiwa anyamaze asiaibishe ukoo. Ndiyo maana watafiti huwauliza vijana waliokwisha kukua. Mwaka 2010 Kenya iliwauliza wenye umri wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata kabla hawajatimiza 18. Wasichana 32 katika kila 100 walisema walidhulumiwa kingono, na wavulana 18. Uchunguzi wa 2019 ulipata wasichana kama 16, wavulana 6.

Hesabu hizo si za jamaa peke yao. Zimechanganya wapenzi, majirani na wageni, na zimehesabu kushikwashikwa pamoja na kubakwa. La jamaa ni fungu tu ndani yake, nalo ndilo gumu kutamkwa.

Hebu fikiria binti ameketi na mhoji chini ya mkorosho. Mjomba anatokea, jembe begani, anasimama. Mhoji aliyefunzwa vyema hugeuza ukurasa papo hapo, akauliza habari za malaria. Mjomba naye akivuta kigoda akakaa, binti atajibu "hapana" kwa kila swali, na kwenye hesabu ataingia kama mtoto ambaye hakuguswa. Kwa hiyo mimi, nikisoma takwimu za namna hii, husema moyoni: si chini ya hawa.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haijali wazee wamesikizana nini. Mwanamume akimwingilia maharimu wake aliye chini ya miaka 18, anaweza kufungwa maisha.

Mama, shangazi, nyanya: mtoto akikwambia, mwamini. Usimwogeshe kwanza, wala usifue nguo zake. Mfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Saa hizo zikiwa zimepita, mpeleke vivyo hivyo. Na usipojua pa kuanzia, piga 116. Ni bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.