Injini ya Dizeli Ichemkapo: Tafuta Sababu Kabla ya Kununua Vyombo
(Mazungumzo kwa madereva na wenye magari ya mizigo)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo liwasumbualo wengi wenye pikapu za dizeli, yaani injini kupata joto kupita kiasi. Gari la namna hii ndilo lipelekalo maziwa kiwandani, kabeji sokoni na mgonjwa hospitalini. Likilala, nyumba nzima hupungukiwa. Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba aghalabu huanza kwa kitu cha thamani ndogo, kama mkanda uliolegea, ukaishia kwa hedi ya silinda iliyopasuka, ambayo bei yake yaweza kumeza faida ya miezi mingi. Neno langu ni moja: kabla hamjanunua chombo chochote, angalieni kwanza ni wakati gani injini hupata joto. Wakati huo ndio utakaowaonyesha mahali penye ugonjwa.

Yafaa tufahamu kazi ya maji. Dizeli iwakapo ndani ya silinda, joto lake laweza kupita digrii 2,000. Katika joto lote la mafuta, yapata theluthi moja tu hugeuka kuwa nguvu za kuendesha gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya ile iliyobaki sharti ichukuliwe na maji. Pampu huyasukuma maji yazunguke silinda, kisha huingia katika rejeta, na huko upepo huyapoza. Basi mambo ni matatu: maji yawepo, maji yazunguke, upepo upite. Likikosekana moja, injini huchemka.

Katika nchi ya milima jambo hili lahitaji uangalifu zaidi. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi huchemka kwa digrii 95 hivi, na kule Timboroa, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,700, huchemka kwa digrii 91 hivi. Kwa hiyo kofia ya rejeta si kifuniko tu. Springi yake huyabana maji yasichemke upesi, na kofia nzima yaweza kuongeza digrii 20 hivi. Mtu atiaye tambara mahali pa kofia, au atumiaye kofia ambayo mpira wake umekwisha kulika, amejiletea mashaka mwenyewe.

Sasa tuje katika dalili, maana dalili ya mvua ni mawingu.

Ikiwa gari hupata joto likisimama au likienda polepole mjini, lakini hupoa likienda mbio, basi upepo haupiti. Tazama mkanda wa feni. Katika pikapu nyingi feni hushikwa na kishikio chenye mafuta mazito ndani. Zima injini, ngoja ipoe, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka ovyo bila uzito wowote, kishikio kimekufa.

Ikiwa gari ni zima mjini, lakini huchemka likipanda mlima na mzigo, basi mara nyingi rejeta imeziba. Kwa nje huziba kwa matope, wadudu na mbegu za nyasi. Ioshe kwa maji, ukiyapitisha toka upande wa injini. Kwa ndani huziba kwa kutu, na kwa ukoko mweupe kama ule uonekanao ndani ya birika. Ukoko huo huletwa na maji ya visima yenye chumvi. Tumia maji safi pamoja na dawa ya rejeta. Na moshi ukiwa mweusi sana, huenda pampu ya dizeli yatoa mafuta kupita kiasi. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vya kuipimia.

Ikiwa joto hupanda upesi kila mara, hata bila mzigo, gusa kwa hadhari mipira miwili ya rejeta. Wa juu ukiwa moto sana na wa chini ukiwa baridi, maji hayazunguki. Huenda rejeta imeziba kabisa, au pampu ya maji imeharibika, au themostati imekwama. Themostati yaweza kupimwa jikoni. Itie katika sufuria ya maji juu ya moto. Nyingi huanza kufunguka maji yafikapo digrii 82 hivi. Maji yakichemka nayo ingali imefungwa, itupe, ununue nyingine.

Hapa sina budi kutaja desturi moja mbaya. Mafundi wengine huing'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini ya dizeli ifanyayo kazi ikiwa baridi huchoma mafuta vibaya, na silinda zake hulika upesi. Tena katika injini nyingine themostati ndiyo izibayo njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, maji hurudi ndani ya injini bila kupita katika rejeta, na joto huzidi.

Dalili iliyo mbaya kuliko zote ni maji kupungua kila siku bila kuonekana yavujapo. Tia maji, washa injini ikiwa baridi, utazame mdomoni mwa rejeta. Mapovu yakitoka bila kukoma, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka. Usiendelee na safari.

Na je, likichemka njiani? Simama kando ya barabara. Ikiwa maji yamekwisha au mvuke watoka, zima injini mara moja. Usiifungue kofia, mvuke huo umewaunguza wengi uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi, kisha ifungue kidogo kidogo kwa nguo nene. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto. Hedi nyingi ni za alumini, na alumini hutanuka na kunywea karibu mara mbili ya chuma; ipozwapo ghafula hupinda au kupasuka. Haraka ya dakika kumi yaweza kukugharimu injini nzima.

Mwisho, kila asubuhi, injini ingali baridi, tazama maji, mkanda, mipira na oili. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo haihitaji fundi wala fedha.