Simu Yetu na Ndege wa Kinangop



Simu tunayotumia kutuma pesa yaweza pia kumtetea jirani asiye na sauti. Huku Kinangop yuko ndege mdogo wa kifua cha manjano, Sharpe's Longclaw. Hapatikani nje ya Kenya, naye hukaa kwenye nyasi fupi za malisho. Tukilima viazi kila mahali, ataenda wapi?

Basi tuingize programu ya BirdLasser. Hupeleka orodha zetu kwa Kenya Bird Map, iliyogawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande. Tutembee angalau saa 2, tuandike kila ndege, hata kunguru. Tusiyemjua, tusibahatishe, tuulize wenzetu. Bila orodha, tutamtetea kwa ushahidi gani?